Neno la Siri Lilikuwa Hodi

...sita tu, namba sita, zimejipanga kwenye simu yangu kama vifungo vya shati, na mama kule kwenye cherehani amenyoosha mkono kama anayeomba mkasi, simu yake ameibana kati ya sikio na bega, Kifungo, ananiambia, nisomee hizo namba zilizoingia, kijana wa watu anasubiri, na mimi nimeketi mbele ya kompyuta, somo la hesabu limefunguka nusu, nasikia kile kisauti kinachovuja begani kwa mama, laini, chenye adabu, pole kwa usumbufu mama, akaunti ya binti itafungwa leo hii tusipoihakiki mama... na mama anaitikia, ndiyo baba, nakusikia baba, hawajajuana hata kwa sura lakini ameshakuwa baba... akaunti ya binti, yaani yangu, humo ndimo masomo yanamoingia, humo ndimo ulimo usajili wangu wa mtihani, majina yangu yote matatu, hayakukosewa hata herufi, mara ya kwanza kuandikwa mahali pa shule tangu mama alipoanguka ngazini akavunjika mguu, nikatoka darasani kuja kukaa kwenye kiti chake cha cherehani, kwa muda tu, tulisema, na huo muda ukavutika kama mpira wa sketi... mama hajawahi kusema lolote juu ya hilo, hana maneno ya hivyo, lakini siku nilipokubaliwa kusoma kwa kompyuta alisimamisha cherehani mchana kweupe, akaipangusa kompyuta kwa kipande cha hariri cha mteja, akasema, haya, darasa ni hapa sasa, asije mtu akaweka pasi juu yake... kwa hiyo ninapomwona anaharakisha najua si ujinga, anaogopa nisije nikafungiwa mlango mara ya pili, na mimi naogopa vilevile, ulimi umeshaishika namba ya kwanza, saba, ni kuitema tu... Kifungo, umelala? mama anauliza, nasema zinakuja, mama, na haziji, kwa sababu chini ya namba kuna maneno madogo, usimpe mtu yeyote namba hizi, mtu yeyote, sasa mama ni mtu yeyote? mama ni mama, ila sikio lake saa hii ameliazima mgeni... na kwa nini zimeingia? mjomba alisema zitaingia pale tu mtu anapojaribu kufungua akaunti yetu kutoka mashine ngeni, aliweka kufuli hilo la pili baada ya kusikia neno letu la siri, maana neno la siri alilichagua mama mwenyewe, aliniuliza, mtu akifika mlangoni anasema nini? nikamjibu, hodi, akasema basi andika hodi, mjomba akacheka mpaka akashika ukuta, dada, hata mbuzi wangu angeingia humu, akataka tulibadilishe pale pale, mama akagoma, neno likiwa gumu nitafungiwa nje ya nyumba yangu mwenyewe... sasa mashine ngeni ni ya nani? mimi nimo ndani tayari, mama hajui hata kuwasha kompyuta, mjomba saa hizi yuko juu ya nguzo anafunga nyaya za watu... basi aliyeandika hodi ni huyu huyu mwenye adabu, amebisha, mlango wa kwanza umemfungukia, amesimama kwenye wa pili anamwomba mama ufunguo, na namba ya mama hakuhangaika kuipata, iko nje kwenye kibao, kwa rangi nyekundu, chini ya picha ya gauni... na akiingia atafanya nini? atakuwa mimi, ndicho atakachofanya, atawaandikia walimu, ni mimi, nimeamua kuacha, atawaandikia wateja wa mama, ni mimi, binti wa fundi, hela zitumeni huku, nao watamwamini, kwa sababu huko ndani hakuna uso wala sauti, kuna jina langu tu, ni mimi, ni mimi... ni mimi, nilikuwa nikisema hivyo nikiwa mdogo, nimetoka kucheza, vumbi hadi magotini, napiga mlango kwa viganja viwili, na mama hafungui, anauliza kutoka ndani, mimi nani? nami nalia, mimi, mama, mimi! naye, kila mtu kwake ni mimi, hata mwizi, jitaje, na nilikuwa namwona mkali bure, sauti yangu si anaijua? lakini hakufungua hata siku moja kabla sijajitaja... mama yule na huyu si ni mmoja? kwenye mlango wa mbao anauliza, kwenye simu anakaribisha... wala kuuliza si utovu wa adabu, hodi haijawahi kuwa ufunguo, hodi ni ombi tu, na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza...

"Mama," nasema, na sauti yangu inatoka imara kuliko nilivyotegemea, "angekuwa mlangoni, akakwambia ni mimi, ungemfungulia?"

Mguu wake unatua nje ya pedali, ananitazama, kisha anaitazama simu yangu jinsi nilivyoilaza kifudifudi mezani, kisauti kinaita, mama, upo mama? namba bado ni zile zile, mkono wake bado umenyooka, ila kiganja kimegeuka, sasa kinaniambia subiri, na mimi nimeshafungua ukurasa wa kubadilisha neno la siri, si Kifungo, mtaa mzima unaniita Kifungo, nataka refu, sentensi nzima, nitamtungia mama ambayo hataisahau, yenye mguu na ngazi na hariri ya mteja, vidole vyangu vinaanza, na nyuma yangu namsikia mama akiuliza taratibu, kwa upole ule ule, samahani baba, hivi wewe ni nani? na kisauti, bila hata kufikiri, ni mimi, mama...

"Mimi nani?"