Siku Tuliyopeleka Trela Kuota Jua

Ulipita pale, usinikane. Kila Jumapili kuanzia Mei ulipita kando ya trela yetu kwenye uwanja wa kanisa hapa Timau, sweta umeifunga mpaka kidevuni, ukajifanya unatafuta wimbo kitabuni ili usiiangalie. Ile taa ndogo nyekundu iliyokuwa ikikonyeza chini ya kitambaa uliiona. Wiki hadi wiki ilizidi kufifia, na hukuuliza neno. Mimi nasahau mahali nilipoweka ufunguo, lakini watu waliopita bila kuuliza siwasahau.

Naitwa Kajuju. Shule niliachia darasa la saba. Umeme nilijifunza kwenye shamba la maua, nikiendesha vigari vya betri vya kubebea ndoo za maua. Miaka kumi na mmoja nilivichaji, nikavisafisha, nikavipima, mpaka siku nilipouliza kwa sauti kwa nini glavu tunapewa tu wageni wakija. Walinifukuza saa hiyo hiyo. Ilikuwa Jumanne, na meneja alikuwa anakula ndizi.

Sasa hiyo trela. Ina paneli nne za sola, pampu moja na betri mbili za maji. Kikundi chetu cha wanawake kumi na wanne huivuta kutoka shamba hadi shamba, tunatoa maji mtoni, tunanywesha viazi na minji, yaani njegere. Mei inapoingia, ukungu hushuka kutoka mlimani na manyunyu hayaishi, kwa hiyo pampu haina kazi na trela inapumzishwa pale kanisani. Agosti ikifika, jua linarudi na hasira. Minji huwa na maua wakati huo, na ikikosa maji wiki mbili, umevuna nyasi.

Trela tuliazimwa na shirika fulani, kwa sharti moja. Kila Julai anakuja mtu wao na mita. Betri zote mbili zikisoma volti kumi na mbili na nusu au zaidi, trela inabaki. Zikisoma chini, anaifunga nyuma ya gari lake na kuipeleka kwa kikundi kinachofuata kwenye orodha. Mwaka huo waliokuwa wakingoja ni wanawake wa Runyenjes, kule Embu.

Siku ya kukabidhiwa nilihesabu hotuba saba. Saba! Hakuna hata moja iliyosema betri ikikaa bila kazi inafanywa nini. Tulipewa kijitabu cha Kiingereza, nikakisoma kwa kamusi, majuma matatu. Kilieleza habari za kuhifadhi trela wakati wa theluji. Theluji yetu iko juu ya mlima na haijawahi kushuka kanisani. Ukungu wetu hakikuujua.

Ngoja nikwambie, maana hakuna aliyetuambia sisi. Betri si gunia la mahindi, uiweke ghalani uikute vile vile. Hata ikikaa kimya inapungua yenyewe. Ukiiachia taa inayokonyeza, inanyonywa. Ikikaa tupu muda mrefu, mabamba ya ndani yanashika chumvi nyeupe, na chumvi hiyo ikishakomaa, hata ulete fundi na mchungaji, haifufuki. Na paneli inayoilisha isipoona mwanga ni sawa na mama anayenyonyesha akiwa amefunga vifungo vya koti.

Paneli zetu zilikuwa zimefungwa vifungo kweli, na aliyezifunga ni mwenyekiti wetu.

Mwenyekiti ni Karwirwa, Mama Riungu. Nyumbani kwake kila kitu cha thamani kina kitambaa alichokifuma kwa mkono. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa chenye tausi wawili. Kabla trela haijaingia mapumziko alifuma miezi miwili mfululizo, uzi mweupe na pindo la waridi, na Mei ilipoingia akazifunika paneli zote nne. Mchungaji akakiombea. Utamwambia nini mtu kama huyo?

Mimi nilimwambia. Nilimwambia Mei, nikamwambia Juni mbele ya kikundi kizima.

"Mama Riungu, unaiua trela!"

"Naiua na kitambaa? Hii si blanketi, Kajuju. Ina matundu. Mwanga unapita."

"Matundu ni ya urembo, si ya mwanga!"

"Wewe hata harusini ungeomba bibi harusi avue shela akapimwe volti."

Wakacheka wote, na mimi nikashindwa. Hilo nalo limo kwenye kumbukumbu zangu, pamoja na majina ya waliocheka kwa sauti zaidi.

Jumatatu ya wiki ya ukaguzi nilichukua mita yangu nikaenda peke yangu. Betri ya kwanza ilisoma kumi na moja nukta tisa. Ya pili pia. Nilikaa chini kwenye majani yenye umande. Mtu wa shirika angekuja Alhamisi, na tangu Ijumaa jua hatukuwa tumeliona. Ukungu ulikuwa mzito hadi jogoo wanawika saa nne.

Nilizima ile taa nyekundu, nikaosha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi, nikajaza maji ya betri palipopungua. Lakini chakula chenyewe cha betri kilikuwa wapi? Ndipo nilipomwona Mutuma, mkwe wa Karwirwa, akipakia viazi kwenye pikapu yake.

"Unapeleka wapi?"

"Isiolo, kesho asubuhi."

"Huko kukoje?"

"Mama, huko ni moto! Jana nimeuza viazi nimevaa vesti."

Nikamwangalia. Kilomita chache tu kuteremka, watu wanavaa vesti, na sisi huku tunavaa blanketi. Jua halikuwa limekufa, lilikuwa limehama tu.

Karwirwa alipopelekewa habari, alikuja mbio akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa kuku. Nilimwonyesha namba kwenye mita. Hakuipenda, lakini alikubali trela iteremke. Kwa sharti.

"Kitambaa kinaenda na trela. Na mimi naenda na kitambaa."

"Mama Riungu..."

"Vumbi la Isiolo unalijua? Mutuma, sema kama hakuna vumbi."

Mutuma aliangalia viatu vyake. "Liko, Mama." Mkwe gani angesema vingine?

Kwa hiyo Jumanne tukateremka hivyo, viazi mbele, trela nyuma imevaa nyeupe na waridi, mimi na mwenyekiti tumebanana kwenye kiti na chupa ya chai katikati. Askari wa barabarani alitusimamisha. Akaizunguka trela mara mbili.

"Huyu ni maiti au ni bibi harusi?"

"Ni betri," nikasema.

"Mnaipeleka wapi?"

"Kuota jua."

Alimtazama Mutuma, akamtazama Karwirwa, akashusha pumzi. "Nendeni. Mungu awasaidie."

Tulipofika karibu na Isiolo mbingu ilikuwa samawati kama sare ya shule. Sweta zikatoka, kisha kofia, kisha Karwirwa akavua soksi, jambo ambalo Mutuma aliliona kwa bahati mbaya akaenda haraka kushughulika na viazi vyake. Nikaegesha trela mahali peupe kando ya duka, nikaunganisha nyaya. Kisanduku cha kuchajia kina kioo kidogo kinachoonyesha umeme unaoingia, kwa ampea, si kwa volti. Kilionyesha nane.

"Si unaona?" akasema Karwirwa. "Unaingia."

Nilifungua mdomo. Hotuba niliyokuwa nayo ilikuwa ndefu na nzuri, ina tarehe zote. Lakini jua lilikuwa kali na nilikuwa nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Nikasogea kando.

"Njoo hapa usimame mbele ya kioo. Inua pindo mwenyewe."

Akainua upande mmoja. Namba ikaruka kumi na tano. Akashusha, nane. Akanitazama kwa jicho la kushuku, akatazama mikono yangu kama nimeficha kitu, akainua tena. Kumi na tano. Kisha bila kuambiwa akazunguka, akafungua kamba zote nne, akakivuta chote.

Thelathini na moja.

Alisimama akikikumbatia kifuani.

"Miezi miwili, Kajuju. Mbona hukuniambia?"

"Sikukuambia? Nimekuambia tangu Mei! Nimekuambia mbele ya watu kumi na wawili!"

"Ulinipigia kelele. Hukunionyesha."

Nimetukanwa na mameneja, na machifu wawili, na mheshimiwa mmoja. Hakuna neno lililowahi kuniingia kama hilo.

"Sasa tufanye nini?" nikauliza.

"Tunywe chai," akasema mwenyekiti. Kitambaa akakifunga kati ya pikapu na mti wa mgunga, kikatupa kivuli chenye maua, na tukakaa chini yake saa sita nzima. Kila baada ya muda aliinuka kwenda kusoma namba, akirudi anaitangaza kama matokeo ya uchaguzi. Mutuma aliuza viazi vyote. Wateja walidhani ni sherehe.

Jioni tukairudisha trela kanisani, na Jumatano tuliziacha betri zitulie, maana betri iliyotoka tu kuchajiwa husema uongo ukiipima, kama mtu aliyetoka tu kula. Karwirwa alipita kanisani mara nne kuhakikisha hakuna aliyezigusa.

Alhamisi akaja Ndwiga, mtu wa shirika, kijana mpole wa Embu. Gari lake lilikuwa na chuma cha kuvutia trela tayari. Wanawake wote kumi na wanne tulikuwa pale, na hakuna aliyetafuta wimbo kitabuni. Simu yake ikalia.

"Ndiyo, Mama. Hapana, Mama, bado sijapima."

"Mama yako anatujua?" nikamuuliza.

Akaona haya. "Ni mama yangu kweli, Nelius, mweka hazina wa kile kikundi cha Runyenjes. Wanaingoja hii trela. Amenipigia tangu saa kumi na moja alfajiri."

Akaweka mita kwenye betri ya kwanza. Kumi na mbili nukta sita. Ya pili. Kumi na mbili nukta sita. Karwirwa alipiga kigelegele kilichowatoa ng'ombe mbio kwenye boma la jirani, na wanawake wakanibeba juu, hata wale waliocheka Juni.

Ndwiga alitia sahihi, akatabasamu, lakini simu akaiangalia kama deni. Nikashuka kutoka mabegani mwa watu.

"Runyenjes hawakuwahi kupewa yao?"

"Walipewa mwaka jana. Betri zilikataa kuwaka. Wameifungia kwenye stoo ya zamani ya kahawa."

"Ina dirisha?"

"Stoo? Haina."

Damu ikanipanda, lakini nikakumbuka chai ya Isiolo. "Mpigie mama yako. Sasa, mbele yangu." Akapiga, nikachukua simu. Nilimwambia Nelius afungue ile stoo, wasukume trela nje, wazime kila taa, aniambie anaona nini. Nikasikia mlango wa mabati ukilia, wanawake wakihesabu moja, mbili, tatu. Kisha Nelius akasema betri moja imevimba ubavu, hiyo imekwisha. Ya pili ni nzima, na paneli zilipopata mwanga, kwenye kioo kumetokea namba.

"Namba gani?"

"Mbili."

"Iacheni juani hivyo hivyo. Kesho nakuja Embu na mita yangu."

Hiyo moja iliyovimba ilikufa ikingoja mtu aifungulie mlango. Na wewe unayo moja pia: ile ya pampu ya shule, ya zahanati, ya kikundi cha shangazi yako, imelala stoo kwa sababu ni baridi. Ondoka hapo ulipokaa. Itoe nje, zima taa zake, jaza maji ya betri, kisha mwite aliyeifunika aje ajisomee namba kwa macho yake. Mita ikisoma chini ya volti kumi na mbili na nusu, ipeleke kwenye jua leo, jua lilipo. Usiseme Jumamosi. Nenda sasa.