Kilo za Ipyana

Siku ya kliniki, Jumatano ya pili ya mwezi, nesi Faustina alimvisha Ipyana suruali ya kupimia, akamtundika kwenye mzani unaoning'inia barazani pa zahanati, na mshale ukazunguka mpaka ukagota. Mzani ule mwisho wake ni kilo ishirini na tano. Ipyana alikuwa na miezi saba, na kwa umbo hakumzidi mtoto yeyote aliyekuwa pale. Boriti ililia, vumbi likadondokea daftari. Nesi alilipuliza, akaomba uletwe mzani wa mahindi kutoka ghalani.

Mzani wa mahindi ulisema kilo hamsini na mbili.

"Huyu anakula, jamani!" alisema nesi. Kwenye kadi ya kliniki mistari iliishia chini mno, kwa hiyo alibandika kipande cha karatasi juu yake, akapima kwa rula, akatia nukta. Chini akaandika: Maendeleo mazuri sana.

Tupokigwe, bibi wa mtoto, alikuwa amesimama kando amekunja uso. Hakuwa mtu wa kulainishwa na maneno mawili matamu. "Nesi, vidole vinamtetemeka. Na hajatoa sauti hata ya 'ba'. Wenzake wanapiga kelele tangu asubuhi, yeye kimya."

"Bibi, kadi inauliza uzito," alisema nesi Faustina, akamwita mwingine.

Esnath, mama wa mtoto, alimlaza Ipyana kwenye toroli waliyokuja nayo, wakarudi nyumbani. Kwenye kipande cha mchanga gurudumu lilizama, wakashuka wanaume wawili kutoka shambani wakaisukuma. Mmoja alimpongeza Esnath kwa kupata mtoto mzito.

Tangu siku hiyo Tupokigwe alianza kushuku. Alianza na mzani, akaupima kwa mfuko wa saruji wa kilo hamsini, ukasema hamsini. Akamshuku jirani yao, Mama Vitus, aliyemvisha mtoto ushanga siku ya arobaini. Ushanga ulikuwa ushanga. Akamshuku binti yake mwenyewe, akawa anasimama nyuma yake jikoni kila akipika.

"Mama, unanichunga mimi?" aliuliza Esnath.

"Nachunga chungu," alijibu Tupokigwe. Lakini alikuwa anamchunga yeye.

Akaazima mzani, akapima kila kinachoingia kinywani mwa mtoto. Uji ulikuwa na uzito wa uji. Ndizi ilikuwa ndizi. Kambale aliyesagwa kwa ajili ya mtoto, asiyefika urefu wa kiganja, alikuwa na kilo kumi na moja. Pale kijijini, upande wa Chunya, nyuma ya milima ya Mbeya, kambale huuzwa kwa fungu, si kwa kilo, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza. Wanawake walijua tu kwamba fungu la kambale hubebwa na watu wawili.

Tupokigwe alishuka mtoni, kwenye kona ya mialo ya zamani, pale wachimbaji walipokuwa wakioshea dhahabu. Alichota tope kwa kikombe cha bati. Kikombe kilimvuta mkono mpaka kwenye kiwiko, akapiga goti majini.

Tope lile alilijua. Miaka ishirini na sita nyuma alikuwa kibarua kwenye mwalo wa Mzee Sedekia. Kazi yake ilikuwa kukoroga mchanga na zebaki, ambayo wao waliiita makyuri, kwenye beseni, kwa mikono mitupu, na kila jioni kusuuza beseni mtoni. Mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutoka waliuita marudio. Waliurundika ukingoni, mvua ikaushusha wote. Basi wale wote aliowashuku wakatoka mmoja mmoja kichwani mwake, akabaki Mzee Sedekia, na akabaki yeye. Alikaa ukingoni akalia kwa uchungu mpaka jua likamchoma kisogo.

Mzee Sedekia sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Tupokigwe alimkuta kwake, ameketi kwenye kiti kilichozama ardhini mpaka kwenye makalio, maana yeye kambale alimla kila siku na alikuwa na uwezo wa kununua mafungu mawili.

"Mzee, mtoni kuna makyuri yetu."

"Yetu na nani?"

"Yangu na yako."

"Mama Esnath, hayo ni mambo ya zamani. Niletee karatasi ya wataalamu, kamati itakaa."

Tupokigwe alijaza tope kopo la rangi, akafunga kifuniko kwa waya, akaandika juu yake kwa makaa jina ambalo kila mtu pale angelielewa: MARUDIO. Wanaume wanne walilipandisha kwenye gari la mkaa, likaenda Mbeya limelalia upande mmoja. Kwenye ofisi moja ya kupimia sampuli mjini, kijana mwenye koti jeupe aliinama akasoma kopo.

"Mama, haya ni marudio. Sampuli ya kwanza iko wapi?"

"Ya kwanza ipi, mwanangu?"

"Marudio ni ya pili. Hatuwezi kurudia kupima kitu ambacho hatujakipima."

"Marudio ndiyo jina lake hilo tope. Sisi ndivyo tunavyoliita."

Kijana aliandika kwenye fomu kwamba sampuli ya kwanza haijapokelewa, akagonga mhuri, akampa nakala. Kopo lilibaki mlangoni, na wiki ile ile sakafu ya pale ikapata shimo. Mzee Sedekia aliisoma nakala, akasema kamati itasubiri ya kwanza.

Esnath hakumpa tena mtoto kambale, wala yeye hakumla. Jumatano ya pili ya mwezi uliofuata ilipofika, Ipyana hakuwa amepungua hata nusu kilo. Alitazama juu tu, kimya, vidole vikitetemeka. Nesi alimpiga picha, ikachapishwa kubwa, ikatundikwa ukutani iwe mfano. Iling'oa msumari mara mbili. Fundi akaja akaifunga kwa bolti.

"Kina mama," alisema nesi Faustina siku ya kliniki iliyofuata, "muulizeni bibi yake anamlisha nini."

Wanawake wote walimgeukia, watoto wao wepesi mgongoni. Tupokigwe alifarijika kweli kweli. Hatimaye kuna mtu ameuliza.

"Kambale!" alisema kwa sauti. "Kambale wa mto huu, wa pale kwenye mialo. Ndio waliomfanya hivi. Msiwale!"

Wanawake wakatazamana.

"Wa kuchemsha au wa kukausha?" aliuliza mmoja.

"Nimesema msiwale!"

"Mwe! Bibi Ipyana," alisema Mama Vitus polepole, akimpima kwa macho, "wewe ulishampa wa kwako. Sisi ndio tusiwape?"

Hata nesi alitikisa kichwa, akasema uchoyo si mzuri, hasa kwa watoto. Esnath alipomaliza kumlaza Ipyana kwenye toroli, baraza lilikuwa tupu, na njia ya kushuka mtoni ilikuwa imejaa wanawake wenye ndoo.