Ijumaa Niliyoiandika Jumatatu

Mimi, Ambrose Tregenza, nilikuwa na miaka sita ya ubaharia na kumi na tisa ya uvivu. Kila mwanafunzi wa uofisa kwenye manowari yetu, Marigold, alitakiwa kuandika shajara kila siku: upepo, mahali tulipofika, kazi za mabaharia. Bila saini ya Kapteni Hallowes kwenye shajara hiyo, hakuna mtihani wa uluteni kule bandarini Portsmouth, na mama yangu alishawatangazia majirani kwamba narudi luteni.

Sasa, siku za baharini zinafanana kupita kiasi. Kwa hiyo Jumatatu nilikaa nikaandika mpaka Ijumaa, kisha nikalala usingizi mnono.

Jumatano kapteni akaitisha shajara zote.

"Bwana Tregenza, leo siku gani?"

"Jumatano, afande."

Akasoma kwa sauti: "'Ijumaa. Upepo wa kusini-magharibi. Sitaha imesuguliwa. Tumetia nanga Spithead, nje ya Portsmouth. Kapteni amefurahi.' Kumbe nitafurahi?"

"Mungu akijalia, afande."

"Vyema. Yote yakitimia, natia saini. Hata moja lisipotimia, utabaki mwanafunzi mpaka uote mvi."

Kufumba na kufumbua, meli nzima ilishajua.

"Nabii, shikamoo!" akanipokea Kemble, mwanafunzi mwenzangu. "Hebu nitabirie, biskuti yangu leo ina funza wangapi?"

"Niache, Kemble. Mwenzio nakufa."

"Unakufa lini? Si umeshaandika?"

Alhamisi upepo ukageuka ukawa wa kusini-magharibi. Ijumaa sitaha ikasuguliwa, na saa nane mchana tukatia nanga Spithead. Likabaki moja tu, furaha ya kapteni, na yule mzee alikuwa amenuna makusudi! Nilimbembeleza mpishi ampikie pudingi ya zabibu. Akaila yote, akafuta mdomo, akanuna tena. Kemble akamsimulia kichekesho cha askofu na bata. Hata nyusi hazikutikisika.

Jioni nikakata tamaa. Kusema kweli nilikasirika pia, hasa kwa ajili ya ile pudingi. Nikaifuta sentensi ya mwisho, nikaandika: "Kapteni amenuna tangu asubuhi, na pudingi kaimaliza. Aliyeandika haya ni mvivu, na mama yake atamuua." Nikampelekea.

Akasoma. Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashika meza, machozi yakimtoka.

"Ona sasa! Nimefurahi, na wewe umeshalifuta neno hilo!"

Akachovya kalamu, akatia saini, nami nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Kisha akafungua ukurasa uliofuata, akaandika mwenyewe taratibu, akanirudishia daftari.

"Jumamosi. Mvua kubwa. Bwana Tregenza amekaa juu ya mlingoti kuanzia asubuhi mpaka jioni, na amefurahi."

Mvua ilinyesha kutwa. Nilikaa kule juu nimelowa chapachapa, nikimtungia mama barua kichwani, na lile la mwisho nalo likatimia.