Gari la Kulala

Byron, afisa wa maji mjini Lodwar, alikuwa na kigari cha michezo kisicho na paa, kifupi hata mbuzi huchungulia ndani. Bado hakuridhika. Alikipeleka sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwa Nyuon, fundi mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Alitaka springi fupi ili gari lilale kabisa, na ekzosi ya kupasua masikio.

"Na hizi laga, hizi mito kavu za njiani?" Nyuon aliuliza. "Gari ikilala, mchanga itakula tumbo yake."

"Wewe laza tu! Gari ni langu."

Ekzosi ilifungwa kwanza. Byron akawasha injini, akakanyaga mafuta kwa mbwembwe, kisha akaachia ghafla. Ikalia pa! pa! pa! kama bunduki.

"Lala chini!" mtu akapiga kelele.

Byron alipogeuka, hakuona aliyesimama. Wanunuzi walikuwa kifudifudi vumbini. Adhel, mama chai wa jirani, alikuwa amewafunika wanawe kwa mwili wake.

Byron akazima injini. Nyuon alikuwa chini ya meza, mikono kichwani.

"Haya, bosi," alisema bila kuinuka. "Sisi tumelala. Bado unataka na gari ilale?"