Pini ya Mama

Mama alianguka saa nne asubuhi. Alikuwa amesimama juu ya stuli, akivuta robota la kitambaa cha sare kwenye shelfu ya juu ya chumba chake cha kushonea. Mimi nilikuwa kazini, kaunta ya benki, ambako kutwa nahudumia watu waliosahau namba zao za siri. Baba akanipigia simu, yeye ambaye simu huipokea tu, haipigi.

"Mama yako ameanguka. Mguu haukanyagi. Daktari anasema lazima pini."

"Pini gani tena, Baba? Kadi yake imefungwa?"

"Kadi gani, we mtoto! Pini ya mguu!"

Nilifika hospitali nahema. Mama kalazwa kitanda cha dirishani, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Daktari wa mifupa alikuwa binti wa rika langu, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga akatuonyesha mahali nyonga ilipovunjika.

"Tukiweka pini, baada ya siku chache anaanza kusimama. Tusipoweka, mfupa utaunga vibaya, au usiunge kabisa."

Baba, fundi magari tangu sijazaliwa, akakuna kidevu. "Hiyo pini, daktari, inakaa muda gani kabla ya kubadilishwa?"

"Haibadilishwi, mzee. Inakaa moja kwa moja."

"Hakuna pini isiyobadilishwa," Baba akasema, tena kwa upole, kama anayemfundisha mtoto mambo ya dunia.

Mama akakata maneno. "Msijisumbue. Mimi siwekwi pini."

Akawa hivyo siku mbili nzima. Baba alikuja kajisugua mikono hadi oili imetoka kwenye kucha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akambembeleza. Wapi! Mama akishika lake, hata winchi haimng'oi.

Siku ya tatu Baba alipotoka kwenda kuchukua maji, nikamsogelea Mama.

"Mama, unaogopa nini?"

"Nani kakwambia naogopa?"

Nikavuta kiti, nikaketi. Kwa Mama, ukijua kunyamaza utajibiwa.

"Kabla hujazaliwa," akaanza, anatazama dirishani, "nilimshonea shoga yangu gauni la harusi. Nikasahau pini moja kiunoni. Alipoinama kumsalimu mama mkwe, ikamchoma. Gauni jeupe, damu ile! Yeye alicheka, akanisamehe siku hiyohiyo. Mimi sijajisamehe mpaka leo." Akashusha pumzi. "Miaka thelathini na tano nazibana pini kwa midomo. Nazijua. Pini haikai ilipowekwa, inatembea. Sasa ianze safari mwilini mwangu, ije inifikie moyoni?"

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Kumbe siku zote hizo tulikuwa tunazungumza neno moja, kila mtu na pini yake kichwani.

Nikamfuata daktari, nikamweleza. Hakucheka. Alirudi wodini na trei iliyofunikwa, akamwekea Mama mkononi pini ya mfano: ndefu kuliko shubiri, nene kama kidole, ina matundu ya skrubu.

Mama akaipima uzito. "Hii nayo ndiyo pini? Mwanangu, huu ni mtaimbo!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Baba, aliyekwisha rudi na maji na kusimuliwa yote, akaichukua, akaivingirisha juu ya kimeza kuona kama imenyooka, akaikwaruza kwa ukucha. "Haishiki kutu?"

"Haishiki."

"Na skrubu za matundu haya ndizo zinaizuia isitembee?"

"Ndiyo kazi yake, mzee."

Baba akamgeukia Mama. "Mke wangu, hii ningeifunga hata kwenye lori."

Kwa Baba hakuna sifa inayopita hiyo. Mama akamtazama, kisha akamtazama daktari. "Na ngozi mtashona mshono gani?"

Daktari akamwonyesha kwa vidole.

"Usivute uzi sana, itakunjamana."

"Nimekusikia, mama."

Mama akatia sahihi fomu ya upasuaji kwa mkono wake mwenyewe.

Upasuaji ulichukua saa mbili. Baba alisimama muda wote na benchi lipo. Daktari alipotoka na kusema mambo yamekwenda vizuri, ndipo Baba akaketi, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika. Sikuwahi kumwona hivyo. Nikageukia tangazo la saa za kutembelea wagonjwa, nikalisoma mara nne, nimwachie heshima yake.

Mama akarudi nyumbani na magongo mawili, kisha gongo moja. Alilikasirikia zoezi, akalifanya. Alinikasirikia mimi niliyemhesabia hatua, akanibusu kila jioni.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji, asubuhi moja, nilimwona akitoka chumba chake cha kushonea, anavuka uwanja hadi gereji ya Baba. Baba alikuwa chini ya gari, anaonekana miguu tu. Alisikia gongo likigonga sakafu.

"Mteja, subiri kidogo."

"Nimesubiri vya kutosha," Mama akasema. "Toka huko, nataka kutembea na mume wangu mpaka barabarani."

Baba alitoka kwa pupa hadi akajigonga paji la uso. Wakaenda polepole, Mama kashikwa mkono, alama nyeusi za vidole vya Baba zikibaki kwenye shati lake lililopigwa pasi, naye wala hakumkemea.