Alichosikia Kamene

Muindi aliingia kituoni kwa miguu yake mwenyewe, Jumatatu saa nane mchana. Konstebo Kamene, aliyekuwa zamu kaunta, alimwandika kitabuni: fundi wa kuchomelea mageti, mkazi wa Mumbuni, anashukiwa kuiba pampu ya maji. Muindi alivua mshipi na viatu, akavipanga vizuri sakafuni kama mtu anayeingia nyumba ya wageni.

Saa kumi, Inspekta Musili na askari wawili walimtoa seli wakampeleka chumba cha nyuma. Kamene alisikia kishindo, kisha Muindi akilia kwamba hajui pampu yoyote. Aliinuka. Alifika hadi mlangoni, akashika kitasa. Halafu akarudi kaunta, ambako mama mmoja alikuwa akingoja kuripoti kitambulisho kilichopotea, akamhudumia kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Jumanne asubuhi Muindi alikutwa amekufa seli.

"Andika aliletwa akiwa mlevi, akaanguka," Musili alisema.

"Afande, nilimpokea mimi. Hakuwa mlevi."

"Kamene, uko na watoto. Andika."

Aliandika. Aliandika saa Muindi alipoingia, saa alipotolewa seli, majina ya waliomtoa, na kilio. Musili alisoma akiwa amesimama, akakifunga kitabu polepole. Tangu siku hiyo, Kamene akiingia chumba cha chai wenzake walitoka mmoja mmoja.

Mazishi yalipopita, alivaa nguo za nyumbani akaenda Mumbuni kumwona mjane, Nzisa. Alimkuta akianua nguo.

"Pole, mama. Mimi ni Kamene, wa kituoni. Nimeandika ukweli wote, na kortini nitausema."

Nzisa hakumkaribisha kiti. "Ulimsikia akilia?"

"Nilimsikia."

"Ulikuwa mbali?"

"Hapana. Ni mlango tu ulikuwa katikati yetu."

Nzisa alikunja shati la mwanamume, akalikunjua, akalikunja tena. "Basi enda ukawaambie hao wa korti. Mimi usiniambie tena."

Kortini Machakos, Musili aliposhtakiwa kwa kifo hicho, wakili wake alimuuliza Kamene kwa nini hakuufungua mlango huo. Kamene alikuwa ameandaa majibu mengi njiani. Aliposimama pale, likabaki moja.

"Niliogopa."

Alitazama upande aliokuwa ameketi Nzisa. Nzisa alikuwa ameinamisha kichwa.

Musili alisimamishwa kazi, lakini kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Kamene alipewa barua ya uhamisho kwenda Turkana, akawaacha watoto kwa mama yake huko Kivaa.

Mwezi wa nane, wezi walivunja karakana ya marehemu wakabeba mashine ya kuchomelea. Majirani walimsihi Nzisa akaripoti. Mmoja alisema amewaona kwa macho yake, anawajua hata kwa majina.

"Niripoti kwa nani?" Nzisa aliuliza.

Alichukua ufagio, akaanza kufagia vioo vya dirisha lililovunjwa.