Mama Yangu Hasuki Mikeka

Mpaka leo nikimkumbuka yule mwalimu wa uandishi damu inanichemka. Wiki sita alitukalisha kwenye ukumbi wa maktaba akituhubiria: andikeni maisha yenu, utamaduni wenu, mjulikane nyinyi ni kina nani. Nikamwamini. Nikamwandika mama.

Mama ni fundi wa makochi. Anapowamba kitambaa mikono yote miwili ina kazi, kwa hiyo misumari midogo anaiweka mdomoni, ishirini kwa mpigo, na papo hapo anagombeza wateja, anatutuma dukani, anatupa umbea wa mtaa mzima. Mgeni haambulii neno. Sisi wanawe tunamwelewa hata akinong'ona. Hayo ndiyo mazungumzo ya kwetu, na niliyaandika kurasa nne huku nikicheka peke yangu.

Mwalimu alinirudishia zimejaa wino mwekundu. "Dada, hii ni karakana. Utamaduni uko wapi? Mpe mama mkeka asuke. Aimbe kidogo."

"Mama hajawahi kusuka mkeka. Na akiimba, hata mbwa wa jirani wanahama."

"Unataka kuingia kwenye kitabu cha darasa letu au hutaki?"

Nilitaka. Nikafyata mkia, nikasema sawa. Kusema kweli nilidhani atagusa sentensi mbili tatu tu.

Siku ya uzinduzi mama alifunga karakana saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata alipojiponda kidole kwa nyundo. Alikuja na mafundi wenzake wawili, akakaa mstari wa mbele, gauni limenyooshwa pasi. Wateja wote walishatangaziwa kwamba mwanawe amemwandika kitabuni.

Nilipoitwa mbele ndipo nilipokifungua kitabu kwa mara ya kwanza. Hakuna kochi. Hakuna nyundo. Kuna mwanamke mpole kajikalia chini anasuka, anaimba, machozi yanamtiririka. Na jina langu limechapwa juu yake.

Nilimkodolea macho mwalimu. Akajitia hamnazo, akapiga makofi ya kunihimiza. Ningeweza kukifunga kile kitabu. Nilikisoma hadi nukta ya mwisho, na penye wimbo nikalegeza sauti ili ipendeze. Mafundi wa mama wakaanza kutazamana.

Nilimwahi mama mlangoni. "Mama, lile lizee limeniharibia hadithi! Umeona lilivyokugeuza? Narudi ndani sasa hivi, nalipasha mbele za watu!"

"Kalipashe." Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililoniuma. "Lakini mwanangu, mimi pale nimesikia sauti moja tu, na ilikuwa yako."

Akawageukia wenzake, akawaambia waondoke, makochi ya watu yanasubiri.